Karatasi Haikutaja Kukanda

“Mkono wa kushoto haushikwi! Jamani, wa kushoto haushikwi!” Bi Zamda alipaza sauti kabla boti halijatulia, na watu waliokusanyika dikoni wakarudi nyuma kama walioambiwa pana nyoka.

Maji yalikuwa yamekupwa. Boti lilikwama mbali, na kutoka pale hadi nchi kavu ni tope la mikoko linalofika magotini. Siku zote hapo Salale abiria hushushwa kwa kuvutwa: mmoja anashika mkono huu, mwingine ule, unanyanyuliwa juu juu kama gunia la mpunga na kutuliwa penye ugumu. Lakini Yasmin, mjukuu wa Bi Zamda, hakuwa wa kuvutwa. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, na ilikuwa siku ya nane tangu apasuliwe Dar es Salaam na kuwekewa betri ya moyo chini ya mtulinga wa kushoto. Moyo wake ulikuwa na tabia ya kusimama kidogo, kisha kuikumbuka kazi yake. Sasa kulikuwa na kidude cha chuma cha kuukumbusha.

Mumewe, Mudrick, aliruka topeni, akakunja suruali ambayo ilishalowa, akanyoosha mikono. “Njoo nikubebe.”

“Mbele ya watu wote hawa?”

“Basi kaa humo mpaka maji yajae. Saa tisa yatakuwa yamefika.”

Yasmin alitazama jua, akatazama watu, akakubali. Akabebwa mbele kama mtoto, nyayo zake zikining’inia, na mwanamke mmoja akapiga kigelegele cha mzaha. “Harusi ya pili hiyo!”

“Zawadi zipelekwe nyumbani,” Yasmin akajibu kutoka kule juu, “na za mara ya kwanza sijazisahau, we hukutoa!”

Watu wakacheka. Bi Zamda naye akacheka, akifuata nyuma na viatu vya mjukuu wake mkononi. Lakini alikuwa ameuona mkono ule wa kushoto. Ulikuwa umekunjwa kifuani, umeshika upindo wa kanga, na vidole vilikuwa vimekaza mpaka kucha zimekuwa nyeupe.

Mwanamke wa Salale akijifungua hurudi kwao kuuguzwa arobaini, na ndivyo mama mkwe wake Yasmin, Biasha, alivyoamua juu ya operesheni hii: msichana aende kwa bibi yake aliyemlea. Alilisema kwa heshima. Hakusema kwamba mpunga ulikuwa umeanza kukomaa, na kwamba kwake alihitaji mikono ya kuvuna na kutwanga, si mkono wa kulindwa. Bi Zamda hakuhitaji kuambiwa. Alipiga deki chumba, akatandika kitanda cha kamba alichozalia mwenyewe, akaiweka ile karatasi ya hospitali juu ya sanduku, chini ya msahafu, isipeperushwe.

Karatasi ilikuwa moja tu, imechapwa upande mmoja. Bi Zamda alimaliza darasa la saba zamani, na kusoma hakukumtoka. Kila asubuhi baada ya sala alivaa miwani yake yenye mguu uliofungwa kwa uzi, akaisoma yote, kidole kikifuata maneno. Mkono wa upande wa kifaa usinyanyuliwe kupita bega kwa wiki sita. Asibebe ndoo, asitwange, asivute kamba. Kidonda kisilowe mpaka kikauke. Simu isiwekwe kifuani juu ya kifaa. Arudi kupimwa baada ya wiki sita, na kadi yake atembee nayo popote. Pakitokea uvimbe, wekundu, usaha, homa au kizunguzungu, awahi hospitali.

“Hawa watu wanaandika vizuri,” alisema siku ya kwanza. “Hawakuacha kitu.”

“Wameacha, bibi,” Yasmin akajibu kitandani, chali, macho kwenye makuti ya paa. “Hawakuandika kwamba usingizi hauji. Nikilala naisikiliza. Nikiisikiliza naona kama anayepiga humo ndani si mimi.”

“Ni wewe.”

“Ni mimi na mwenzangu.”

“Basi mkaribishe. Mgeni siku ya kwanza haulizwi anaondoka lini.”

Biasha alikuja siku ya pili na bakuli la wali wa nazi. Alikuwa mwanamke mrefu, wa maneno machache yaliyonyooka. Alipokaribia mlango alichomoa simu kutoka kifuani mwake, akaiacha kwenye kinu kule uani, ndipo akaingia.

“Simu haiui, mama,” Yasmin alisema. “Tusiiweke tu hapa, juu yake.”

“Mie sitaki kesi.” Biasha akakaa ukingoni mwa mkeka. “Na hiyo betri inachajiwa na nini? Huku tuna sola tu, na mawingu haya.”

“Haichajiwi. Inakaa miaka kumi, labda na zaidi, ndiyo inabadilishwa.”

“Kumi. Utakuwa na thelathini na miwili. Wanapasua tena?”

“Wanapasua.”

“Halafu arobaini na miwili.”

“Mama, ukifika sitini uniambie, nitakuwa nimemzidi bibi umri.”

Bi Zamda aliangua kicheko, lakini Biasha hakucheka. Aliuliza lile alilokuja kuuliza. “Na uzazi?”

Yasmin akavuta kanga mpaka shingoni. “Daktari amesema nitazaa. Nikishika mimba tu niende hospitali kubwa mapema.”

“Amesema daktari,” Biasha alirudia, taratibu, kama mtu anayeweka kitu rafuni ili aje akitazame baadaye. Alipoondoka, bakuli lake halikuwa limeguswa.

Mudrick alikuja kila siku jioni akitoka kwenye mitego yake ya kaa. Alikaa kizingitini, mguu mmoja ndani mmoja nje. Zamani utani ulikuwa hauishi kati yake na Bi Zamda.

“Hujambo, mume wangu?” Bi Zamda alimwita siku hiyo. “Unakuja kwa mke mdogo, mkubwa humletei hata gando la kaa?”

“Mke mkubwa meno yameisha, gando atalitafuna na nini?” Mudrick akajibu, lakini macho yake yalikuwa kwenye lile tuta dogo lililoinua kanga ya Yasmin, kubwa kama kibiriti kilichobonyezwa.

“Njoo ukae hapa,” Yasmin alimwambia, akigonga kitanda kwa mkono wa kulia.

“Nanuka kaa.”

“Umenuka kaa miaka mitatu, leo ndiyo umejisikia?”

Hakwenda. Alikaa palepale mpaka magharibi, akaaga. Yasmin aligeukia ukutani, upande wa kulia, kwani wa kushoto haulaliki, na Bi Zamda akajifanya anatafuta mwiko.

Bi Zamda alikuwa mkandaji. Kazi hiyo aliirithi kwa shangazi yake, na kwa zaidi ya miaka thelathini hapakuwa na mzazi pale kisiwani ambaye hakupita mikononi mwake. Mzazi alimchemshia maji na majani ya mnyonyo, akachovya kitambaa, akakikamua kikiwa bado kinafuka moshi, akakanda tumbo na kiuno mpaka damu iliyoganda ikatoka na mwili ukarudi kwa mwenyewe. Kizazi kilichoshuka alikijua kwa ncha za vidole. Alikitafuta taratibu, akakipandisha, akakifunga kwa kanga kuukuu. Wakunga wa zahanati walimwambia aache maji ya moto sana. Alipunguza moto, hakuacha kazi.

Sasa alimwona Yasmin siku baada ya siku akiubana mkono ule ubavuni, bega limepanda mpaka karibu na sikio, kama kuku aliyevunjika bawa. Karatasi ilisema usipite bega. Msichana kwa woga hakuunyanyua hata kufika kiunoni. Alikula kwa mkono wa kulia, alivaa kwa huohuo, aliswali ameketi. Ukimwambia ausogeze alisema, “Waya ukitoka je?” Siku ya kumi na moja tangu apasuliwe hakuweza hata kugeuza shingo. Uvimbe kuzunguka kidonda ulikuwa umekuwa mgumu, na machozi yalimtoka alipokuwa akivaa sidiria.

“Huu si ule uvimbe wa karatasini, hii ni damu imeganda,” alisema Bi Zamda.

Aliichukua karatasi, akaisoma tena, mara mbili, kidole kikifuata maneno. Kunyanyua, kubeba, kutwanga, kuvuta. Palikuwa na simu, palikuwa na kadi. Kukanda hakukutajwa popote. Alitafuta hata upande wa nyuma, uliokuwa mweupe. Watu walioandika mpaka habari ya simu, alijiambia, kama kukanda kungedhuru wangeliandika. Haikumpitia akilini kwamba aliyeiandika hakuwahi kukandwa, wala kuona mtu akikandwa.

“Nitakanda bega na mgongo tu,” alisema. “Kidonda sikigusi.”

“Bibi, nisaidie,” Yasmin alisema. “Naumia.”

Maji yakachemka, harufu ya mnyonyo ikajaa chumbani. Bi Zamda alijaribu joto kwa kiwiko kama afanyavyo kwa mzazi wa mara ya kwanza. Alianza mgongoni, akapanda shingoni, akapaka mafuta ya nazi na kushuka begani kwa kidole gumba, na chini ya mikono yake ile nyama iliyokuwa imekazana kwa siku kumi na moja ikaanza kulegea. Yasmin alishusha pumzi ndefu. Hapo mikono ikaendelea yenyewe, kama ilivyozoea. Kitambaa kilifika kifuani. Maji yalitiririka penye mshono, akayafuta. Kisha vidole vyake vikakutana na kile chuma.

Alisita. Kilikuwa kimelala mshazari, upande mmoja umeelekea kwapani. Mikono iliyokuwa imepandisha vizazi visivyohesabika ilikijua kitu kilichoshuka. Alikitafuta kingo zake, akakisukuma juu kidogo na kukigeuza, taratibu kabisa, mpaka kikakaa sawa kulingana na alivyoona yeye kuwa ni sawa.

“Aah!” Yasmin alishtuka. Kisha akatulia. “Umefanya nini?”

“Kilikuwa kimeshuka. Nimekirudisha.”

Siku hiyo Yasmin aligeuza shingo yake pande zote mbili. Alilala mchana kutwa, mdomo wazi kama mtoto, na Bi Zamda alikaa karibu yake akimfukuzia nzi, mikono yake ikinukia mafuta, moyo wake umejaa. Akarudia kesho yake, na kesho kutwa.

Kwikwi zilianza siku ya nne tangu aanze kukandwa. Si kwikwi za kula haraka. Zilikuja kwa mpigo, moja baada ya nyingine, zikimtikisa tumbo, hata akinywa maji hazikati.

“Kuna mtu anakutaja,” Bi Zamda alisema.

“Ni mama mkwe. Hana kazi nyingine.”

Wakacheka. Baadaye, wakati Bi Zamda akipalia moto, Yasmin alikaa ukumbini na ungo mapajani, akichagua mawe kwenye mchele kwa mkono wa kulia, akihesabu kwikwi zake kwa sauti ili kumchekesha bibi yake. “Arobaini na tatu... arobaini na nne...” Kisha hakuhesabu tena. Bi Zamda alipogeuka, mjukuu wake alikuwa ameinamia ungo, uso wote ndani ya mchele.

Alimgeuza, akamwita, akampigapiga mashavu. Punje zilikuwa zimemganda kwenye paji la uso na midomoni. Yasmin alifumbua macho. “Nimelala?” akauliza, kisha akazimia tena.

Waliokuja mbio walikuwa wengi, na Biasha alikuwa wa mbele. “Juzi nilimwona anaanua nguo kwenye kamba,” alisema. “Mkono juu! Nilimwona kwa macho yangu. Watu wanakatazwa, hawasikii.”

Bi Zamda alikuwa anamfuta Yasmin mchele usoni, punje moja moja.

Mwenye boti alikuwa Kondo. Maji yalikuwa nusu, akasema wangoje. Mudrick, aliyefika na gunia la kaa wakiwa bado hai, alilitua gunia miguuni mwa Kondo. “Chukua wote. Tutalisukuma.” Wakalisukuma boti topeni, wanaume sita, mpaka likashika maji. Yasmin alilazwa juu ya godoro katikati, kichwa kwenye paja la bibi yake, na Biasha akapanda naye, bila kuambiwa, amebeba chupa ya chai na kanga mbili safi.

Injini ilipiga kelele, hata walioketi jirani hawasikilizani. Yasmin alimvuta bibi yake kwa upindo wa kanga mpaka sikio likafika mdomoni.

“Wakiuliza, nitasema nilinyanyua ndoo.”

“Hukunyanyua ndoo.”

“Nitasema hivyo. Wewe nyamaza.” Kwikwi ilimkatiza. “Mama mkwe akijua, Salale nzima itajua. Utakula nini, bibi? Nani atakuita tena?”

Bi Zamda alitazama mikoko ikipita, mizizi yake nje kama vidole. Alitaka kusema sivyo. Lakini alinyamaza, na boti likaenda, na kunyamaza kule kukamkaa vizuri kuliko alivyotarajia. Ndicho kilichomtisha baadaye alipokuja kukifikiria.

Boti lilitia nanga Nyamisati, na kutoka hapo walipata gari mpaka hospitali Kibiti. Muuguzi aliyewapokea aliitwa Sista Mwanajuma, mwanamke wa makamo aliyevaa ndala kwa sababu miguu yake ilivimba, na aliyezungumza huku mikono yake ikifanya kazi. Alimbandika Yasmin waya za kupima moyo, akaitazama karatasi iliyokuwa ikitoka kwenye mashine, akampigia simu daktari wa Dar es Salaam kule alikopasuliwa. Aliporudi alifungua kanga ya Yasmin.

“Betri inapiga, moyo hausikii,” alisema. “Waya umetoka mahali pake. Unapiga huku chini, kwenye msuli wa pumzi, ndiyo hizo kwikwi. Ilikuwaje?”

“Nilinyanyua ndoo,” Yasmin alisema.

“Na nguo alianua,” Biasha aliongezea kutoka ukutani.

“Ndoo kubwa?”

“Ya lita ishirini.”

Sista Mwanajuma hakugomba. Alikuwa ameinama kwenye kidonda. Pembeni mwa mshono palikuwa pamefumuka kidogo, upana wa punje ya mchele, na maji meupe yalikuwa yakichuruzika. Alinusa. Akanusa tena, akainua kichwa.

“Sikilizeni. Gari la wagonjwa linakuja. Kule watamfungua. Kama waya umetoka tu, wataurudisha na kumshona, basi. Lakini kama kidonda hiki kiliguswa, kikapata maji au dawa za miti, kile kitu hakifai tena. Wakikirudisha humo, uchafu utafuata waya mpaka ndani ya moyo, na hapo tutamzika huyu. Mimi nasikia harufu ya mafuta ya nazi. Kwa hiyo nauliza mara ya pili, na safari hii simuulizi mgonjwa.”

“Ni ndoo, sista,” Yasmin alisema haraka. “Mafuta nilijipaka mwenyewe nywele.”

Pale palikuwa na Mudrick, tope limemkaukia miguuni. Palikuwa na Biasha. Palikuwa na wagonjwa wengine wawili waliokuwa wameacha kuongea ili wasikie. Bi Zamda aliitazama mikono yake. Ilikuwa imetulia mapajani, viganja juu, kama ya mtu anayeomba dua.

“Ni mimi,” alisema.

“Bibi!”

“Nilimkanda. Siku tatu, asubuhi. Maji ya mnyonyo, moto wa kuvumilika kwa kiwiko. Mafuta ya nazi, ya kukamua mwenyewe. Maji yalipita penye mshono, niliyafuta kwa kitambaa kilekile.” Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesomeshwa mbele ya darasa. “Na hicho chuma nilikishika. Kilikuwa kimelalia kwapani. Nikakipandisha na kukigeuza, hivi.” Akaonyesha hewani, kidole gumba na cha shahada, mzunguko mdogo wa kuelekea kulia. “Robo hivi. Siku ya pili nikakuta kimeshuka tena, nikakirudisha tena.”

Sista Mwanajuma alikuwa anaandika.

“Ulikigeuza mara ngapi yote kwa yote?”

“Mara tatu.”

“Kila mara upande huohuo?”

“Huohuo.”

“Kwenye karatasi...” Sista alianza.

“Kukanda hakukuandikwa,” Bi Zamda alisema. “Niliitafuta mpaka nyuma.”

Sista aliacha kuandika, akamtazama. Ilionekana kama atasema jambo, kisha akaongeza mstari mmoja chini, akaupigia mstari mwingine. “Nitawaambia walioiandika,” alisema.

Mudrick alitoka nje. Biasha alibaki palepale ukutani, na alipozungumza hakupaza sauti.

“Mikono hiyohiyo,” alisema. “Hiyohiyo ndiyo ilinikanda mie nilipomzaa huyu aliyetoka. Nilikuwa nakusifu mpaka Kibiti huku. Mama, nisamehe, sikutukani. Lakini akipona, kwako harudi.”

Yasmin aligeuza uso. Bi Zamda aliona machozi yakiteremka kuelekea sikioni, akanyoosha mkono ayafute kama alivyofanya tangu msichana huyo akiwa na miaka minne, na mkono ukasimama njiani, ukarudi.

Yasmin alikaa Dar es Salaam wiki saba. Walikitoa kile kifaa chote na waya wake. Wakamwekea waya wa muda shingoni, alale bila kugeuka, dawa zikimwingia kwenye mshipa asubuhi na jioni. Alishikwa na homa siku tisa. Walipoona damu imesafika walimwekea kipya, upande wa kulia safari hii. Hayo Bi Zamda aliyasikia kwa simu ya Mudrick, maneno mafupi mafupi. Mudrick hakumwita tena mke mkubwa. Alimwita bibi, kwa adabu, kama anavyowaita mabibi wote.

Siku walipomrudisha maji yalikuwa yamejaa, boti likafika hadi kwenye magogo, Yasmin akashuka kwa miguu yake. Alikuwa amekonda, na alitembea ameshikilia viwiko vyake, hiki na hiki. Bi Zamda alisimama katikati ya watu dikoni. Yasmin alimwona, akasema, “Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Pole.”

“Nimeshapoa.”

Biasha akampitisha njia ya kwake.

Mwezi ule mkewe Kondo alijifungua mtoto wa kike. Bi Zamda alikaa kwenye kibaraza chake siku ya kwanza, na ya pili. Siku ya tatu upepo ulileta harufu ya mnyonyo kutoka upande wa nyumba ya Kondo, akajua wamempata mtu mwingine. Hakuwalaumu. Alichukua sufuria yake kubwa ya kuchemshia, akaisugua kwa mchanga na majivu mpaka ikang’aa, akaifunika kichwa chini.

Alikwenda kumtazama Yasmin siku ya Ijumaa, amevaa baibui lake la kutokea, kama mgeni. Biasha alimkaribisha, akamtandikia mkeka, akarudi kwenye kinu. Alitwanga peke yake. Kulikuwa na mpunga mwingi, na ilionekana hakulala vya kutosha, lakini uani palikuwa pamefagiliwa, na dawa za Yasmin zilikuwa zimepangwa kwenye kikombe cha plastiki dirishani.

“Unaendeleaje?”

“Wa kushoto umekufa ganzi begani. Wamesema niliubana mno mwanzo, umekakamaa. Nifanye mazoezi. Wa kulia ndio haupiti bega sasa.” Akacheka kidogo. “Kwa hiyo sina mkono, bibi. Mama ananivisha. Jana kanishonea blauzi ya vifungo mbele.”

“Kakushonea?”

“Usiseme kwa sauti, atasema si yeye.”

Kanga ikamteleza begani. Yasmin aliiinamia kwa kidevu, ikateleza zaidi, na pale kifuani kwake kulia likaonekana lile tuta jipya, na kushoto kovu pana, limekunjamana kama jani lililopita motoni. Bi Zamda alinyoosha mkono airudishe kanga.

Yasmin alijikunyata. Haikuwa kwa kusudi. Mwili wote ulirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta, na viwiko vyote viwili vikafunga kifua.

Kinu kikanyamaza uani.

“Si wewe, bibi,” Yasmin alisema. “Wallahi si wewe. Ni mwili tu.”

“Najua.”

“Sikutaka.”

“Najua, mama. Uache mwili. Umeona mambo.”

Biasha aliingia, akairudisha kanga, akaifunga fundo, akatoka bila kumtazama mtu. Kinu kikaanza tena. Bi Zamda aliiweka mikono yake chini ya mapaja, akaikalia, kama watoto wa madrasa wanavyofundishwa wasichezee kitu.

Yasmin aliinuka taratibu, akaenda kwenye mwimo wa mlango. Palikuwa na mistari miwili imechorwa kwa mkaa, mkono wa Biasha, mmoja juu na mmoja chini. “Vidole vinatembea ukutani,” alieleza. “Kushoto nipande mpaka juu, kila siku zaidi kidogo. Kulia nisipite huu wa chini. Lakini nikitazama juu nasikia kizunguzungu, huwa sijui nimefika wapi. Mama hunitazamia. Leo ana kazi. Utanitazamia?”

“Macho ninayo.”

Yasmin alifumba macho yake. Vidole vya mkono wa kulia vikaanza kupanda ubao, kimoja kimoja, kama kaa mdogo anayepanda mkoko. Vilipita kiuno, vikapita mbavu. Bi Zamda aliinama mbele, mikono yake chini ya mapaja ikimfa ganzi, na hakuondoa macho kwenye ule mstari wa mkaa.

“Bado,” alisema. “Bado... bado kidogo... Hapo. Hapo hapo, mjukuu wangu. Usipite.”